Walinzi wa Ufuko wa Kivu

Ziwa Kivu halijui maji kupwa na kujaa, na kwa sababu hiyo taka zitupwazo ufukweni Kamembe, nchini Rwanda, hazichukuliwi na bamvua kama zichukuliwavyo Unguja au Mombasa, bali huelea taratibu hata zifike kusini, ambako ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, uitengao miji ya Cyangugu na Bukavu kabla ya kuteremka Ziwa Tanganyika. Na tangu Wabelgiji walipojenga bwawa la umeme la Mururu mwishoni mwa miaka ya 1950, mlango wenyewe una kizuizi, na chupa za plastiki za miji hiyo miwili hukusanyika hapo zikaisumbua mitambo.

Kuziondoa taka hizo kunahitaji mikono mingi, na desturi ya majirani kuauniana kwa kazi za mikono ni ya kale katika Rwanda, illa mwaka 1974 serikali ya Rais Habyarimana iliifanya umuganda wa lazima, ikapata sura ya shokoa zaidi kuliko ihsani. Baada ya msiba wa mauaji ya kimbari wa 1994 ilirejeshwa mwaka 1998 na kuthibitishwa kwa sheria mwaka 2007, na hata leo, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, raia hutoka na majembe na mafagio. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku mwaka 2008.

Lakini kufagia ni kazi nyepesi. Jambo zito lilikuja na sheria ya mazingira ya mwaka 2005, iliyoamuru mita 50 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila kulimwa wala kujengwa, ili udongo wa vilima usiporomoke majini. Na katika nchi ambayo urithi wa mtu aghalabu ni kishamba kidogo kilichoning'inia mlimani, mita 50 si sadaka ndogo, wala sioni insafu kumsifu afisa aliyepima kwa kamba tukamsahau mkulima aliyeng'oa mihogo yake.

Mvuvi ana hoja yake mwenyewe. Samaki waitwao sambaza, ambao wenyeji huwaita isambaza, hawakuwa asili ya Kivu; waliletwa kutoka Tanganyika baina ya 1958 na 1960, na tangu hapo wamekuwa rizki kubwa ya pwani hii na ya kisiwa cha Nkombo, wakivuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungamanishwa kwa miti mirefu. Maadamu samaki huyo hukulia karibu na ufuko, mvuvi hahitaji hotuba ili ajue hasara ya ufuko mchafu. Kila mwaka wavuvi hutundika nyavu kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaane, na vyama vyao vya ushirika husaidiana na askari kuwasaka wenye nyavu haramu za matundu madogo, kazi ambayo Jumamosi moja ya mwezi haiwezi kuitosheleza.