Boi

Shangazi yangu hajui Kiingereza, lakini alinikamata nikidanganya kwa Kiingereza.

Ilikuwa Desemba, Muheza, siku ya pili tangu nifike likizo. Alikuwa ametoa kopo la biskuti lililokuwa la babu, lile ambalo ndani yake kuna stakabadhi za kodi, kadi ya TANU na barua moja iliyopigwa taipu, imekunjwa mara nne hadi mikunjo yake imeanza kutoboka. "Baba," akaniambia. Mimi nimerithi jina la babu, kwa hiyo shangazi ananiita baba tangu nikiwa mchanga. "Wewe si unasomea historia huko Dar? Hebu nisomee hii."

Barua iliandikwa mwaka 1957 na meneja wa shamba moja la mkonge, Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa barua ya sifa, ya kumsaidia babu kupata kazi kwa Mzungu mwingine. Niliisoma kwa Kiingereza kwanza, kwa sauti, kama alivyotaka. Halafu nikatafsiri: amenitumikia miaka sita, anajua kupika na kupiga pasi, halewi, haibi, ni mtu mwema.

"Hapo umeruka," akasema shangazi. "Mimi nimesikia boi."

Alisikia sawasawa. Barua ilisema babu ni "good boy". Mwaka huo babu alikuwa na miaka 41 na watoto watano, na shangazi mwenyewe alikuwa tayari anakwenda kuteka maji.

Nilirudi Dar na neno hilo kichwani. Jambo la aibu ni kwamba halikuwa geni kwangu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu kazi katika mashamba ya mkonge, na katika majalada ya serikali ya kikoloni neno "boy" limo kila mahali. Nilikuwa nikilipita kama mtu anavyopita nguzo za umeme barabarani. Ilibidi mwanamke asiyesoma Kiingereza anisimamishe.

Shule ya msingi tulikariri kwamba "boy" ni mvulana, na "girl" ni msichana. Ni kweli, lakini maana hiyo ndiyo iliyochelewa kufika. Neno lenyewe linaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 13, na huko mwanzoni halimtaji mtoto. Linamtaja mtumishi, mtu wa chini, mtu asiye na ukoo wa kujivunia. Maana ya mtoto wa kiume ilikuja baadaye, ikakaa juu ya ile ya kwanza bila kuiondoa. Lilikotoka hasa, wanaisimu wanabishana hadi leo. Mwaka 1940 msomi mmoja Mwingereza, E. J. Dobson, alipendekeza kwamba limezaliwa na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mtu aliyefungwa pingu, ambalo nalo linatokana na "boia" ya Kilatini, yaani pingu au kongwa la shingoni. Wengine hawakubaliani naye. Mimi natamani sana awe sahihi, na ndiyo maana najihadhari naye.

Waingereza walikuwa na maneno mengine ya kijana wa kiume, na kila moja lilipata bahati yake. "Cniht" ya Kiingereza cha kale ilimaanisha kijana na mtumishi. Ikapanda cheo, ikavaa deraya na kukalia farasi, leo ni "knight". Ndugu yake wa Kijerumani, "Knecht", alibaki mtumishi. "Cnafa" nayo ilimaanisha mvulana. Kwa Kijerumani "Knabe" ni mvulana mpaka leo, lakini kwa Kiingereza iliporomoka ikawa "knave", laghai. Na "boy" ikatoka jikoni ikaenda kitandani kwa mtoto, huku mguu mmoja ukiwa bado jikoni.

Wala si Waingereza peke yao. Wagiriki wa kale na Warumi waliwaita watumwa wao kwa neno lile lile la mtoto wa kiume, hata kama mtumwa ana mvi. Waarabu wana "ghulam", ambaye anaweza kuwa kijana, mtumishi au mtumwa, kutegemea nani anasimulia. Mfaransa akiwa mgahawani alikuwa akimwita mhudumu "garçon", mvulana. Sisi je? Sisi tuna mtumwa na mtumishi, watoto wa tumbo moja, wote wametokana na kutuma. Tuna kibarua, ambacho ni barua ndogo tu: cheti cha kazi ya kutwa. Katika karne ya 19 pwani yetu ilikuwa na watumwa waliokodishwa kwa siku, na watu wakawaita vibarua. Karatasi ikawa jina la mtu. Baadaye Wazungu wakaleta kipande. Huku mkongeni kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi. Kenya, sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilimlazimisha mwanamume Mwafrika mwenye miaka 16 na zaidi kutembea na kipande cha utambulisho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Nikisoma hayo namkumbuka Dobson na kongwa lake, halafu najikumbusha tena kujihadhari.

Kinachonishika zaidi ni jinsi neno lilivyoingia kwetu. Kiswahili hakikuazima "boy" kwa kukosa neno. Mvulana lilikuwepo, kijana lilikuwepo, mtoto wa kiume alikuwepo. Lugha inapoazima neno ambalo inalo tayari, ujue kilichoazimwa ni kitu kingine. Kiswahili kilichukua maana moja tu: mtumishi wa kiume wa nyumbani. Boi, wingi wake maboi, kazi yake uboi. Hakuna mzee wa Muheza aliyewahi kusema mkewe amejifungua boi. (Siku hizi Instagram wanatangaza "baby boy" na mapuluto ya bluu, lakini hilo ni azimo jingine, la juzi.)

Hapo ndipo naona ushahidi ambao majalada hayana. Ukimuuliza meneja yule, pengine angesema neno lile lilikuwa la mapenzi, kwamba hata mwanawe wa kumzaa alimwita "boy", kwamba sisi tunakuza mambo. Huenda angesema kwa moyo safi. Lakini waliokuwa wakimsikiliza kutoka jikoni walisikia neno hilo kutwa kucha, miaka na miaka, na walipolichukua kwenda nalo nyumbani hawakuona ndani yake mtoto wala mapenzi. Waliona kazi. Walilipokea kama walivyopewa, na Kiswahili kikalihifadhi hivyo.

Wenye lugha nyingine za kikoloni nao walilihitaji. Wafaransa na Wabelgiji, pamoja na "garçon" lao, walipofika Afrika waliona heri waazime la Mwingereza. Ferdinand Oyono wa Kameruni alipotoa riwaya yake mwaka 1956 kwa Kifaransa, aliita "Une vie de boy", maisha ya boi, na hakuna Mfaransa aliyehitaji kufafanuliwa. Kongo ya Wabelgiji makazi ya watumishi nyuma ya nyumba yaliitwa "boyerie". Na huko Kongo, katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, leo Lubumbashi, kuna jambo ambalo ningependa kila anayesomea historia kwa Kiswahili alijue.

Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, aliyekuwa ametumikia nyumba za Wazungu maisha yake, aliandika historia ya mji wake. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani kama yeye. Kichwa chake ni cha Kifaransa, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", yaani msamiati wa mji, ingawa si kamusi hata kidogo. Ni masimulizi ya ukoloni kama ulivyoonekana na mtu aliyesimama nyuma ya kiti wakati bwana anakula. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kiswahili chake kitakusumbua ukiwa umezoea cha Tanga, usikate tamaa, soma kwa sauti. Mimi nilifika mwaka wa kwanza wa uzamili bila kumsikia. Niliwajua wanahistoria wote waliotakiwa kutajwa kwenye sura ya pili ya tasnifu, sikumjua boi aliyeandika historia kwa lugha yangu mwenyewe.

Na Dar es Salaam? Katika miaka ya 1940 kulikuwa na chama cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani Waafrika. Litazame jina hilo. Walipopata nafasi ya kujiandikisha, kwa Kiingereza, mbele ya serikali, walitaja kazi zao moja baada ya nyingine na neno "boy" wakaliacha nje.

Kuna wakati nilidhani ninachokifanya ni kuchokonoa vumbi, mpaka nilipokutana na kesi moja ya Marekani. Kule neno hili lina kaburi lake lenyewe. Mwanamume mweusi aliitwa "boy" akiwa mtumwa, akaendelea kuitwa hivyo baada ya utumwa kufutwa, na mwaka 1968 wazoa taka wapatao 1,300 wa mji wa Memphis walipogoma, mabango yao yalisema jambo moja tu: mimi ni mwanamume. Wageni wanaweza kushangaa bango la kutangaza jambo lililo wazi hivyo. Sasa, miaka mingi baadaye, wafanyakazi wawili weusi wa kiwanda cha kuku huko Gadsden, Alabama, walishtaki kwamba walinyimwa vyeo kwa sababu ya rangi yao, na moja ya vielelezo vyao ni kwamba meneja aliwaita "boy". Mahakama ya rufaa ikasema neno hilo peke yake, bila kutanguliwa na "mweusi", haliwezi kuthibitisha ubaguzi. Februari 2006 Mahakama ya Juu ikasahihisha: linaweza. Inategemea limesemwa wapi, kwa sauti gani, kwa desturi za mahali gani na kwa historia ipi. Majaji wa nchi kubwa iliwabidi waandike kwamba sauti ya msemaji ni sehemu ya maana.

Shangazi hakuhitaji mahakama. Lakini wale majaji wamenisaidia kuelewa jambo moja, kwamba Mwingereza aliweza kuketi klabuni, akamwita rafiki yake "old boy" na kumwagiza mhudumu "boy" kwa pumzi moja, na asikosee. Waliosoma naye shule moja ni "old boys", na hiyo ni heshima anayokwenda nayo kaburini. Neno ni lile lile. Kwa wenzake lilikuwa na maana ya tulikuwa watoto pamoja. Kwa babu lilikuwa na maana ya wewe hujaacha kuwa mtoto.

Nisijitoe. Kwetu Dar tulikuwa na hausiboi nilipokuwa na miaka tisa. Alikuwa mkubwa kuliko kaka yangu wa kwanza, na kaka nilimwamkia, yeye sikumwamkia. Mama hakupenda neno lile, alimwita kijana wangu. Msichana aliyekuja baada yake tulimwita dada, kama nyumba nyingi za Dar zinavyofanya, na dada huyo alikula jikoni, akalala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Kaka zangu wa kweli na dada zangu wa kweli walikuwa mezani. Sijui kama ningependa miaka 60 baadaye mtu aisome meseji tuliyomwandikia mwajiri wake aliyefuata.

Pasaka nilirudi Muheza. Shangazi akauliza kama nimelitafuta lile neno. Nikamwambia kidogo, habari za pingu sikuzigusa. Alisikiliza huku akichambua mchele, halafu akasema, "Yule meneja alikuwa na mtoto. Wa kiume, miaka sita, saba. Alikuwa akisimama barazani akiita, boi! Baba anatoka mbio, mikono imejaa unga."

Nikanyamaza.

"Na baba akimjibu," akaendelea, "anasema, naam, bwana mdogo."

Nilimwambia kwamba kwa Kiingereza cha zamani mtoto kama yule hata kwenye bahasha aliandikwa "Master", bwana. Akacheka kwa pua. Kisha akaniletea karatasi na kalamu, akataka tafsiri iandikwe ili watoto wa wadogo zake nao wasome. Nikaandika yote: miaka sita, kupika, kupiga pasi, halewi, haibi. Nilipofika kwenye lile neno nikamtazama.

"Andika kama lilivyo," akasema.

Nikaandika: ni boi mzuri. Akaichukua karatasi, akaikunja pamoja na barua, akaziweka chini ya kadi ya TANU, akafunga kopo.