Mwandishi wa riwaya mpakani achague programu gani?

Anayeandika riwaya mjini Busia au katika vijiji vya Mella, wilayani Tororo, hukabiliwa na swali ambalo miongozo mingi ya uandishi hailigusi. Ni programu ipi itakayoutunza mswada wa kurasa mia tatu mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, bando la intaneti ni ghali, na simu huhamia nchi jirani ilhali mwenyewe hajanyanyuka kitini?

Hilo la mwisho si mzaha. Mpakani, simu iliyosajiliwa Uganda hunasa mawimbi ya Kenya, na ya Kenya hunasa ya Uganda. Makubaliano ya mtandao mmoja wa Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 2014, yalihusu kwanza gharama za kupiga simu, hivyo mtumiaji wa data hana budi kuyasoma masharti ya kampuni yake kabla ya kuiacha simu ijichagulie mtandao. Kwa upande wa Uganda, tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12. Programu isiyofanya kazi bila intaneti ina gharama hapa ambayo mwandishi wa London haioni.

Kuandika mtandaoni

Google Docs ndiyo ambayo wengi huanza nayo, kwa kuwa ni ya bure na hufunguka katika simu yoyote ya Android. Fadhila yake kubwa ni kwamba hujihifadhi yenyewe. Simu ikiibwa sokoni au ikitumbukia majini, mswada unabaki, na mwandishi huufungua upya kwa kifaa kingine. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, inayogawanywa pamoja na barua pepe na picha. Kwa maandishi matupu hiyo ni nafasi tele.

Hata hivyo, kuandika bila mtandao lazima kutayarishwe mapema. Kwenye kompyuta huwashwa kupitia kivinjari cha Chrome, na kwenye simu faili husika huwekewa alama ya kupatikana nje ya mtandao. Asiyefanya hivyo hugundua bando lilipokwisha kwamba sura ya kumi haifunguki. Tena maandishi yaliyoandikwa bila mtandao hubaki ndani ya kifaa hicho kimoja hadi kitakapounganishwa. Kikipotea kabla ya hapo, kazi ya siku hizo imepotea nacho. Faili ndefu pia huilemea simu ya bei nafuu, na ni nafuu kila sura iwe na faili yake.

Wanaotumia kompyuta za kukodi kwenye maduka ya intaneti wana hatari nyingine: asiyeifunga akaunti yake kabla ya kuondoka humwachia mteja anayefuata mswada mzima.

Kuandika ndani ya kompyuta

Kwa mwenye kompyuta yake, hata ikiwa kuukuu, LibreOffice ni chaguo lisilopewa heshima linayostahili. Haina malipo, na ikishapakuliwa mara moja haihitaji intaneti tena. Chimbuko lake ni OpenOffice, programu ambayo mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitolea toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice yenyewe ilijitenga mwaka 2010.

Mwandishi akivipa vichwa vya sura mtindo wa kichwa badala ya kuvikoleza wino tu, kitufe cha F5 humfungulia orodha ya sura zote, naye huruka kutoka ya pili hadi ya ishirini kwa mbofyo mmoja. Watu huandika miaka mingi bila kujua kuwa kitufe hicho kipo.

Scrivener ni ya namna nyingine. Ilibuniwa na Mwingereza Keith Blount na kuingia sokoni mwaka 2007, mahususi kwa wanaoandika vitabu. Riwaya hukatwa vipande vya matukio, kila kimoja na muhtasari wake, navyo hupangwa na kupanguliwa kama kadi juu ya meza. Kwa riwaya yenye wasimulizi kadhaa au inayorukaruka katika wakati, msaada huo ni wa kweli. Hulipiwa mara moja, si kila mwezi, na majaribio ya siku 30 huhesabu siku ambazo programu ilitumika tu. Lakini haina toleo la Android, na hilo pekee huwaondoa waandishi wengi wa eneo hili. Jambo jingine: kwenye Windows, mradi wa Scrivener ni folda yenye faili nyingi ndogo. Anayenakili faili moja tu kwenye flashi amebeba jalada bila kitabu.

Mwenye kuutaka mpangilio wa namna hiyo bila kulipa anaweza kujaribu yWriter ya Windows, iliyotengenezwa na Simon Haynes wa Australia, ambaye mwenyewe ni mtunzi wa riwaya. Sura yake haivutii, ila kazi inafanyika.

Lugha ya mswada

Programu nyingi huanza zikidhani kwamba kila mtu anaandika Kiingereza. Matokeo yake ni ukurasa uliojaa mistari myekundu, au neno la Kiswahili kubadilishwa kimyakimya likawa la Kiingereza. Masahihisho ya kujiendesha yazimwe kabla ya sentensi ya kwanza, hasa kwenye simu. LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, ingawa vitenzi vyetu huizidi nguvu: neno kama "hawakutuelekezea" laweza kutiwa alama ya kosa ilhali halina kosa lolote.

Alama ya ritifaa katika "ng'ombe" nayo ina vituko vyake. Simu huandika ile iliyonyooka, kompyuta mara nyingi huandika iliyopinda, na baadhi ya programu huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Anayetafuta neno hilo katika mswada mzima atapata nusu yake tu. Riwaya ya Mella ambayo wahusika wake wanachanganya Kiswahili, Ateso na Dhopadhola itakuwa na mistari myekundu zaidi, na hapo heri kuzima ukaguzi wa tahajia na kumtegemea msomaji wa kibinadamu.

Nakala ya pili

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika "Caitaani Mũtharaba-inĩ" kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Mswada huo ulinyang'anywa na askari wa gereza, na ni bahati tu kwamba ulirudishwa. Hakuwa na nakala nyingine. Anayeandika leo anaweza kuwa nazo tatu: ndani ya kifaa, kwenye flashi inayowekwa nyumba nyingine, na katika barua pepe anayojitumia mwenyewe kila Ijumaa, jina la faili likiwa na tarehe. Mswada wa maneno elfu sitini, bila picha, hula data kidogo kuliko wimbo mmoja.

Wachapishaji wengi hupokea faili ya aina ya docx, na Google Docs, LibreOffice na Scrivener zinaweza kuitoa. Ni vyema jaribio hilo lifanywe kwa sura moja mwanzoni, likafunguliwe kwenye kompyuta ya mtu mwingine, badala ya kungojea usiku wa mwisho wa kupokea miswada ya shindano kama Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili, iliyoasisiwa mwaka 2014 na ambayo hupokea pia kazi ambazo hazijachapishwa.