Unyoya wa Jogoo Mtoni

Somo la Historia kwa Watu Wazima

Leo tutasoma habari za unyoya wa jogoo. Labda utacheka na kuuliza, "Unyoya nao una historia?" Ngoja kwanza. Chukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo, ule mwembamba unaong'aa. Uweke mezani mbele yako, kisha tuendelee.

Katika mito yenye maji baridi huweza kuishi samaki aitwaye trauti. Hupenda kula wadudu wa majini, na nzi waangukao juu ya maji. Lakini nzi ni mdogo na laini. Ukimchoma kwa ndoana huharibika. Basi watu wa kale walifanya hila. Walimtengeneza nzi wa uongo kwa uzi na manyoya.

Habari hii iliandikwa zamani sana, yapata miaka 1800 iliyopita. Mwandishi wake ni Aelian, mtu wa nchi ya Roma. Alisema kwamba katika Makedonia wavuvi walifunga sufu nyekundu juu ya ndoana, kisha wakatia manyoya mawili ya jogoo yenye rangi kama nta. Fimbo yao ilikuwa na urefu wa futi 6, na mshipi wao vivyo hivyo.

Angalia jambo moja. Aelian hakusema kwamba yeye alivua. Alisema amesikia. Wavuvi wale hatuwajui hata jina. Lakini mtu mmoja alisikiliza, akaandika, na kazi yao haikupotea. Baadaye, mwaka 1496, kitabu kilipigwa chapa Uingereza kikieleza nzi 12 wa namna hiyo, wa miezi mbalimbali.

Samaki huyo alifikaje kwetu? Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, alileta Kenya mayai ya trauti kutoka Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura. Kisha, Waingereza walipokuwa wakitawala Tanganyika, trauti walitiwa pia katika mito ya Kilimanjaro. Wazungu wakaja kuvua kwa kujifurahisha, na nzi wao wa manyoya katika vikebe.

Lakini mgeni huyo hakukuta mito isiyo na wenyewe. Tangu zamani Wachaga walikuwa wamechimba mifongo ya kuleta maji vihambani, kwa migomba na ulezi. Mfongo ulikuwa na wazee wake, na kila mtu alikuwa na zamu yake. Kwa mgeni, mto ulikuwa mchezo; kwa mwenyeji, ulikuwa chakula. Wote wawili walikuwa na ufundi. Ufundi wa mgeni ulikuwa umeandikwa vitabuni kwa mamia ya miaka. Ufundi wa mzee aliyepima mteremko kwa jicho lake, mara nyingi ulikaa kichwani mwake, naye akazikwa nao.

Sasa tuutazame unyoya wako. Fundi hubana ndoana, akazungusha uzi juu yake. Hufunga sufu kidogo, iwe mwili wa nzi. Kisha hufunga unyoya kwa shina lake na kuuzungusha karibu na kichwa, nyuzi zake zisimame pande zote kama miguu. Mwisho hukaza fundo. Unyoya wa jogoo ni mgumu, kwa hiyo humweka nzi juu ya maji. Unyoya wa kuku jike ni laini. Huzama na kuchezacheza kama mdudu aliye hai.

Hata manyoya ya Afrika yaliingia katika kazi hii. Manyoya ya kanga, yenye madoadoa, hutumika mpaka leo. Manyoya laini ya korongo marabu yalitumika pia, lakini siku hizi mafundi hutumia ya bata mzinga badala yake. Nawe usiwasumbue ndege wa msituni; kuku wa nyumbani anatosha.

Leo nchini Kenya kuna mafundi, wengi wao wanawake, wanaofunga nzi hawa kwa mkono, nao huuzwa Ulaya na Marekani. Kazi iliyoletwa na mgeni sasa imo mikononi mwa wenyeji.

Ndugu mwanafunzi, wewe sasa wajua kuandika. Wavuvi wa Makedonia walimpata Aelian. Je, mzee wa mfongo wa kijijini kwako atampata nani? Usingoje mtu wa mbali. Nenda kwake wiki hii, ukiwa na daftari na kalamu.

Maswali

1. Kwa nini nzi wa kweli hafai kutiwa katika ndoana?
2. Trauti wa kwanza wa mto Gura walitoka nchi gani?
3. Mwulize mzee mmoja ufundi anaoujua. Andika sentensi tano, pamoja na jina lake.