Usonji si jini, wala mama si wa kulaumiwa

Idi ndogo mpwa wangu wa miaka 8 alivishwa kanzu mpya. Aliivua, akaitupa barazani, akalia hadi adhuhuri. Mgeni mmoja akanong'ona, "Huyu ana jini." Mwengine akasema, "Mamake kamdekeza." Dada yangu alijifungia jikoni, naye akalia.

Mpwa wangu ana usonji. Lebo ya kanzu ilimkwaruza shingo na nyumba ilijaa kelele asizoweza kuzistahimili.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hauletwi na malezi. Lakini kulaumu mama hakukuanzia kwetu. Daktari Leo Kanner aliueleza usonji mwaka 1943 huko Marekani, na kwa miaka mingi baadaye wapo wataalamu waliodai unaletwa na mama asiye na mapenzi. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga dhana hiyo katika kitabu chake cha 1964. Leo imetupwa.

Basi tiba ya kisaikolojia ni ya nini? Si ya kuuondoa usonji. Ni ya kupunguza wasiwasi na huzuni, ambazo huwapata sana watoto hawa. Anayeweza kuzungumza hufunzwa kuitambua hofu yake kwa rangi: kijani ametulia, nyekundu amezidiwa. Kisha huzoeshwa kidogo kidogo lile linalomtisha, mzazi akiwepo. Asiyezungumza husaidiwa kwa michezo, picha na ratiba anayoijua.

Wazazi nao wana haki ya kusikizwa. Mama halali usiku, baba amejitenga, ndugu zake mtoto wanaona wamesahauliwa. Mshauri mzuri hukaa na nyumba nzima.

Anzeni hospitali ya kaunti, muulizie mwanasaikolojia. Kwa mambo ya shule, ofisi ya elimu itawaelekeza kwenye kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Dua tusiiache, lakini isiwe sababu ya kumnyima mtoto mtaalamu. Na anayedai kutoa jini kwa kumpiga au kumfunga mtoto, mkimbieni. Mtoto ni amana.

Idi kubwa dada alimvisha kanzu kuukuu, laini, iliyokatwa lebo. Alikula pilau yake chumbani, kimya kimya. Na mamake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, alikaa barazani na wageni.