Kelele ya umeme na chujio ambalo hatulioni

Wandugu wasomi, mtu mwenye kutumia fonie kwenye kituo cha afya anajua jambo hili: unachomeka chaja ya bei ndogo pale karibu, na sauti ya mwenzako inamezwa na mlio. Wengi wanasema fonie imezeeka. Mimi nasema apana, mara nyingi fonie iko sawa; chaja njo inapiga kelele. Na kelele hiyo ina historia yake.

Zamani, kifaa cha umeme kilibeba transfo ya chuma: nzito, kubwa, lakini kimya. Baadaye wahandisi wakapita njia nyingine: transistori iwashe na kuzima umeme mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Kadiri mwendo unavyopanda, transfo inaweza kuwa ndogo. Mwaka 1977 kompyuta ya Apple II ilitoka na kifaa cha umeme cha namna hiyo, kilichobuniwa na Rod Holt. Kilikuwa chepesi, na hakikuhitaji feni.

Lakini kila pigo la transistori linatupa nguvu kwenye frekansi nyingi, na waya wa ukutani unageuka antena. Mwenye kifaa anapata faida ya udogo, hasara inaenda kwa jirani. Hapo njo shida yenyewe.

Dawa ilijulikana mbele. Mwaka 1915, George Campbell wa Marekani na Karl Willy Wagner wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walibuni machujio ya bobini na kondensateri kwa kazi za simu. Ndani ya chaja nzuri kuna ndugu zake: waya mbili zimezungushwa kwenye pete moja ya feriti, pamoja na kondensateri chache. Pete inazuia kelele inayotembea kwenye waya zote mbili pamoja. Kondensateri kati ya waya mbili inameza ile inayoenda kwa waya moja na kurudi kwa nyingine.

Kama dawa ilikuwepo, kwa nini haikutumika kila mahali? Juu ni gharama, na mnunuzi haioni. Ni sheria ilileta mabadiliko. Kamati ya kimataifa CISPR ilikuwa inalinda redio tangu miaka ya 1930. Mwaka 1979, FCC ya Marekani iliweka mipaka ya kelele kwa kompyuta. Kompyuta ya TRS-80 Model I ilishindwa kufuata mipaka hiyo, na Tandy ikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 1981. Ulaya iliandika sheria yake mwaka 1989, na tangu tarehe 1 Januari 1996 ikawa lazima kwa wote.

Msifikiri kwamba inatosha kubandika chujio tu. Mwaka 1976, R. D. Middlebrook wa Caltech alionyesha kwamba chujio lililochaguliwa vibaya linaweza kuyumbisha kifaa chenyewe. Kifaa hiki kinataka nguvu ileile daima: volteji ikishuka, kinavuta ampea zaidi. Chujio na kifaa vinaanza kusukumana.

Leo, transistori za gallium nitride zinapiga haraka zaidi na chaja zinazidi kuwa ndogo, lakini chujio halipungui kwa urahisi sawa. Vipande vikikaribiana sana, uga wa sumaku wa bobini unaruka mpaka kwenye kondensateri na kupita chujio pembeni. Kwa hiyo kishawishi cha kuliondoa ni kikubwa. Nimeshafungua chaja kadhaa za sokoni: nafasi ya pete imechorwa, matundu yako, lakini wameweka kipande cha waya tu. Simu inajaa vizuri, na hakuna anayelalamika isipokuwa jirani mwenye redio.

Kesho wengi kati yetu tutaweka sahihi kwenye manunuzi ya paneli na inveta za hospitali na shule. Tuulize karatasi ya vipimo vya CISPR. Na kama karatasi haipo, chukua redio ndogo, iweke AM kati ya vituo viwili, isogeze karibu na kifaa kinachofanya kazi. Sikio litakwambia kama chujio liko ndani.