Pikipiki Zinavyopumua Juu ya Ufipa

Ukitembea porini upande wa Nkasi, au nyuma ya vijiji vya Sumbawanga, unaweza kukuta mnara wa udongo uliozidi urefu wa mtu, umepasuka ubavuni na mizizi imeanza kuuvamia. Hilo ni ilungu, tanuri la chuma la Wafipa. Malungu yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, mengine yakifika karibu mita tatu, na chini yake yalizungushiwa matundu ya kuingizia hewa. Ndani walipanga mkaa, kuni na mawe yenye chuma, wakawasha, kisha wakauacha moto ufanye kazi wenyewe. Hapakuwa na mtu wa kuvukuta. Joto lilipanda kwenye kimo cha tanuri na kuvuta hewa mpya kutoka matundu ya chini. Mivukuto ilikuja baadaye, katika tanuri dogo la pili lililoitwa kintengwe, ambamo chuma kilisafishwa kabla ya kufikishwa kwa mhunzi wa majembe. Mwaka 1958, wakati kazi hiyo ilikwisha kuzimwa na majembe ya dukani, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya mwandishi Wise iliyoieleza hatua kwa hatua.

Malungu yana nafasi katika makala ya pikipiki kwa sababu wahunzi wa Ufipa walikuwa wa kwanza kuhangaika na jambo linalowasumbua madereva wa bodaboda wa Sumbawanga mpaka leo: moto unahitaji hewa, na hewa ya huku juu ni haba.

Mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya milima ya Mbizi vinapanda zaidi. Kwa kimo hicho mkandamizo wa hewa ni kama asilimia 81 tu ya ule wa Dar es Salaam. Injini ndogo ya petroli inajaza silinda kwa kuvuta hewa iliyopo, haina namna nyingine, kwa hiyo mafundi wa magari duniani kote hukadiria kwamba inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 inazopanda. Pikipiki ya sisi (cc) 125 ikishushwa bandarini Dar na kupelekwa Sumbawanga, inafanya kazi kama ya sisi 100. Hakuna kilichoharibika. Imefika Ufipa tu.

Kibaya zaidi, uwanda wenyewe wa Ufipa umekatwa pande zote mbili. Mashariki, ukingo wa Lyamba lya Mfipa unashuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mita 800 hivi. Magharibi, barabara inateremka hadi Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, mita 770 na ushei. Mpunga wa Muze na Mtowisa kule bonde la Rukwa, migebuka na dagaa wa Kasanga, vyote soko lake kubwa liko juu. Maana yake ni kwamba pikipiki huteremka ikiwa tupu na kupanda ikiwa na magunia, na kila inapopanda injini inazidi kuishiwa pumzi. Kuna barabara chache Tanzania zilizopangwa vibaya namna hii kwa mashine ndogo.

Mashine zenyewe hazikufika mapema. Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, ilitekwa na Waingereza Juni 1916, na mwaka huohuo Jenerali Jan Smuts alikuwa na wapanda pikipiki wa Afrika Kusini katika kampeni yake upande wa kaskazini mwa nchi. Ufipa wenyewe ulibaki nchi ya wapagazi. Barabara kuu ya kutoka Rhodesia ilipopita Tunduma kwenda Mbeya na Iringa, uwanda uliachwa pembeni, na aliyetaka kufika Sumbawanga alikata kona na kumwomba Mungu mvua isinyeshe.

Safari ndefu ya pikipiki iliyovuma zaidi zama hizo iliwahusu wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Waliondoka London Desemba 1934 na kufika Cape Town Julai 1935, baada ya kuvuka Sahara na kupitia Afrika Mashariki. Pikipiki yao ilikuwa Panther ya sisi 600 yenye silinda moja, ikivuta kiti cha pembeni na tela nyuma. Injini ilikufa jangwani, ikabidi ifunguliwe na kujengwa upya Agadez. Wakati huo zilikuwepo pikipiki zenye mbio kuliko Panther. Lakini silinda yake moja kubwa, iliyopiga polepole na kuvuta kwa nguvu tangu chini, ndiyo iliyofaa mzigo, na kiwanda kiliwauzia hasa watu wa kuvuta viti vya pembeni. Dereva wa Muze angeichagua hiyohiyo.

Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa mwaka 1974, pikipiki Ufipa ilikuwa chombo cha mtu mwenye ofisi: padre, bwana shamba, mganga wa zahanati, mratibu elimu. Nyingi zilikuwa za Kijapani, na baadhi zilikuwa na injini ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kuacha moshi wa buluu nyuma. Injini hiyo ni nyepesi na ina nguvu kwa udogo wake, ila ina wivu wa uchanganyaji: oili ikipungua pistoni inakamata, ikizidi plagi inaziba. Katika miaka ya shida, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, petroli yenyewe ilikuwa ya mgao na vipuri vilikuwa hadithi. Nani angefikiria kuongeza nguvu ya injini wakati ringi za pistoni hazipatikani? Milango ilianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni.

Mashine iliyokuja kubadili mambo ilibuniwa kwa ajili ya watu wasiopenda kufungua injini. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG125, baada ya wahandisi wake kuona namna pikipiki zinavyotumikishwa katika nchi ambako oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Waliacha cheni ya kuendesha valvu, wakaweka fito za kusukuma, mtindo wa zamani lakini mgumu kufa. Viwanda vya Chongqing nchini China vikauchukua ubunifu huo na kuutoa kwa majina mengi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka. India nayo ikaleta Boxer ya Bajaj, na baadaye TVS. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilipotoka mwaka 2010, bodaboda ikawa kazi inayotambuliwa na sheria, na vijiwe vikaota kila kona ya Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere.

Hapo ndipo swali la kuongeza nguvu lilipoanza kuulizwa na watu wengi. Jibu la kwanza lilikuwa silinda kubwa zaidi.

Hesabu yake inapendeza. Silinda ya CG125 ina upana wa milimita 56.5, na pistoni inatembea milimita 49.5. Ndugu yake ya sisi 150, iliyotoka viwanda vya China, ina mwendo uleule wa pistoni. Kilichobadilika ni upana, milimita 62. Yaani fundi akipata bloku na pistoni ya 150, akachonga mdomo wa injini ya chini ili silinda nene iingie, anageuza 125 kuwa 150 bila kugusa kranki. Ongezeko ni kama asilimia 20. Sasa chukua 150 hiyo uipandishe Sumbawanga, uikate ile asilimia 19 inayochukuliwa na kimo. Unabaki na sisi 121. Dereva wa Ufipa aliyejibana akanunua 150 badala ya 125 hakuwa anatafuta sifa. Alinunua kile ambacho mwenzake wa Dar anakipata bure kwa kukaa karibu na bahari.

Kuchonga kuna gharama, hata hivyo. Kranki, beringi na klachi ni zile zilizopangiwa injini ndogo, na joto la ziada lazima litokee mahali fulani. Silinda iliyochongwa kwa mkono usiotulia huanza kula oili mapema. Ndiyo maana kwa mwenye pikipiki anayeitegemea kila siku, kuuza 125 na kuongeza hela ya 150 ya kiwandani ni akili zaidi kuliko kuichonga.

Jibu la pili limetoka mbali. Wamarekani, wenye mapikipiki ya safari ya Harley-Davidson ya sisi 1,700 na kupanda, huuziwa nguvu kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni chujio la hewa lililo wazi zaidi, ekzosi isiyobana, na kompyuta ya injini kurekebishwa. Ya pili inaongeza kemshafti. Ya tatu inapanua silinda. Mpangilio huo una mantiki, kwa sababu injini kubwa hubanwa kiwandani na sheria za kelele na moshi, hivyo kuifungulia njia kunaleta tofauti. Tatizo ni kwamba vijana wa vijiweni waliiona ngazi ya kwanza wakachukua nusu yake. Wanatoboa ekzosi, wanavua chujio, pikipiki inanguruma mpaka watoto wa shule wanageuka, nayo haivuti zaidi ya jana. Kwa injini ya sisi 125 inayokohoa vumbi la kiangazi cha Ufipa, kuvua chujio ni kuwekea ringi msasa.

Dawa kamili ya kimo inajulikana tangu 1918. Mwaka huo Sanford Moss wa General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, zaidi ya mita 4,000. Bila msaada, injini ya nguvu farasi 350 ilishuka hadi 230. Ilipofungwa turbo, iliyosindilia hewa ndani kwa nguvu ya moshi wake wenyewe, ilirudi kwenye 350 na kuzidi kidogo. Malori ya dizeli yanayobeba mahindi kutoka Sumbawanga yanatumia turbo, ndiyo maana hayalalamiki sana. Kwenye pikipiki, Honda walijaribu mwaka 1982 na CX500 Turbo. Ilikuwa ghali na tata, haikudumu sokoni. Kwa Boxer hakuna wa kuifikiria.

Kilichobaki ni marekebisho madogo, na huko ndiko fundi mzuri anapojulikana. Kabureta inayotoka kiwandani imepimwa kwa hewa nzito. Juu ya uwanda inamwaga petroli ileile ndani ya hewa pungufu, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Fundi halazimiki kusoma kitabu kuligundua hilo: anachomoa plagi, anaipindua juani. Ikiwa nyeusi, yenye masizi makavu yanayofutika kwa kidole, petroli imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, mambo sawa. Ikiwa nyeupe, petroli ni pungufu na pistoni iko hatarini. Anashusha sindano ya kabureta pingili moja au anaweka jeti ndogo, na pikipiki iliyokuwa inakwama kwenye mlima inapata uhai. Nguvu iliyopotea kwa kimo hairudi, ila ile iliyokuwa inapotea kwa uzembe wa mchanganyiko inarudi, pamoja na petroli kidogo.

Mtego uko hapo. Pikipiki iliyorekebishwa Sumbawanga, ikishushwa Muze na kushinda huko kwenye joto na hewa nzito ya bondeni, inakuwa na petroli kidogo kuliko inavyohitaji, tena muda huohuo inabebeshwa magunia ya mpunga kwa ajili ya mlima. Kwa mtu wa kwenda na kurudi, heri kubaki na jeti ya katikati na kuvumilia masizi kidogo mjini.

Lakini ukiniuliza ni badiliko lipi limefanya kazi kubwa kuliko yote Ufipa, nitasema sproketi. Haligusi injini kabisa. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14. Ukiweka ya 13, mvuto kwenye tairi la nyuma unaongezeka kwa karibu asilimia 8, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi hichohicho. Ukibadilisha na ya nyuma, kutoka meno 42 hadi 45, unaongeza asilimia 7 nyingine. Kwa vyuma viwili na cheni unapata karibu asilimia 15 ya mvuto, bei yake sehemu ndogo tu ya pistoni na bloku, na siku ukiuza pikipiki unavirudisha vya zamani kwa nusu saa. Anayebeba mishikaki ya abiria kupandisha Lyamba anajua tofauti kati ya gia ya kwanza inayoteseka na gia ya pili inayotembea.

Halafu lami ikaja. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224, ilijengwa kwa fedha za mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani uliosainiwa mwaka 2008, na vipande vya kwenda Kasanga na Mpanda vikafuata. Safari iliyokuwa ya siku nzima ya matope ikawa ya saa chache. Wasafiri wa pikipiki kubwa wanaozunguka Afrika, ambao zamani walinyoosha Mbeya hadi Iringa, sasa wanapita Sumbawanga kwenda Mpanda na Kigoma, wengi wakiwa na injini zenye kihisio kinachopima mkandamizo wa hewa na kupunguza petroli bila fundi. Bodaboda wa mjini, wanaokimbiza abiria Laela na kurudi kwenye lami tambarare, wameanza kurudisha meno 14 mbele, kwa sababu 13 inaifanya injini ipige kelele mwendo wa kilomita 70 na kumaliza petroli. Wa Muze bado wanang'ang'ania 13.