Walezi wa Mtoto wa Juba

Kabla Juba haijawa mji, palikuwepo Gondokoro, ng'ambo ya pili ya Nile. Merikebu za Waturuki na Wamisri zilifika huko mwaka 1841, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara wa Khartoum wakitafuta pembe za ndovu. Pembe zilipoadimika, wakageukia watu. Walijenga zariba, yaani ngome za magogo na miiba, na kutoka humo wakavamia vijiji vya Wabari na majirani zao. Katika hesabu za biashara ile mtoto alikuwa bidhaa rahisi: anatembea kwa miguu yake, anakula kidogo, na lugha ya mama yake huisahau mapema.

Waliokuja kumwokoa nao walimwokoa kwa kumpeleka mbali. Misheni ya Kikatoliki iliyofunguliwa Gondokoro katika miaka ya 1850 haikudumu, kwa kuwa homa iliwamaliza mapadre. Daniel Comboni, ambaye naye aliwahi kuishi katika misheni za Nile na kunusurika, alifungua nyumba za malezi na mafunzo mjini Kairo mwaka 1867, na miongoni mwa waliolelewa humo walikuwemo Waafrika waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa njema. Lakini ukifuatilia miaka 180 ya historia ya mtoto wa sehemu hii, utaona kila anayejitokeza kumlea ana jambo analolitaka kwake: mwingine ng'ombe, mwingine roho, mwingine bega la kubebea bunduki, mwingine takwimu za kujaza ripoti. Serikali, ambayo kwa sheria ndiyo mlezi wa mwisho, imekuwa ikifika baada ya wote hao.

Tuanze na ng'ombe, maana hapo ndipo penye sheria iliyo hai hadi leo. Kwa Wadinka, Wanuer, Wamundari na wengineo wafugaji, mtoto ni wa ukoo uliotoa mahari. Baba akifa, ndugu yake huwalea watoto kwa jina la marehemu. Kwa Wanuer, mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alieleza katika miaka ya 1930 jinsi mtu aliyekufa bila mtoto anavyoweza kuozwa mke kwa jina lake, ili jina lisipotee. Mjomba naye ana fungu lake katika ng'ombe wa mpwa wake wa kike, kwa hiyo ana sababu ya kuuliza kama binti yule amekula. Mgeni akitazama juu juu ataona mifugo tu inayobadilishana mazizi. Kwa kweli ile ilikuwa bima. Kila mtoto alizungukwa na watu wanaomdai na watu anaowadai, na aliye ndani ya mtandao huo hakuwa rahisi kupotea.

Ubaya wake nao unatokana na chanzo hichohicho. Binti akiwa ndiye njia ya ng'ombe kuingia nyumbani, mwaka wa ukame au wa deni huwa mwaka wa kumwoza. Mahari isipokamilika, watoto huwa mali ya mzozo kati ya koo mbili, na mama yao hana kauli. Katika baadhi ya jamii za Ikweta ya Mashariki, msichana aliwahi kutolewa kuwa fidia ya mtu aliyeuawa. Na katika uvamizi wa mifugo huko Jonglei na Pibor, wanaochukuliwa pamoja na ng'ombe ni watoto. Anayetaka kusifu mila za malezi za Sudan Kusini asiyafiche haya, na anayetaka kuzilaani asisahau kwamba vita vilipovunja kila kitu kingine, shangazi na bibi ndio waliobaki wakipika.

Waingereza waliutawala mfumo huu bila kuugusa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 makao ya jimbo la Mongalla yalihamishiwa Juba, na mwaka 1931 amri ya mahakama za machifu ikayatia muhuri mamlaka ya chifu katika mambo ya ndoa, mahari na watoto. Shule ziliachiwa misheni: Wakatoliki eneo lao, Waanglikana lao, Wapresbiteri lao, nalo eneo lote la kusini likafungiwa ndani ya sera ya wilaya zilizofungwa ya 1922. Ukagawanyika uangalizi wa mtoto kwa namna ambayo haijafutika: chifu anaamua yeye ni wa nani, kanisa linamfundisha kusoma, na serikali inakutana naye anapofikishwa gerezani.

Uhuru wa Sudan mwaka 1956 haukuleta mlezi mpya. Mwaka 1957 Khartoum ilizitaifisha shule za misheni, na mwaka 1964 ikawafukuza wamisionari wa kigeni, bila kuweka chochote cha maana mahali pao. Makubaliano ya Addis Ababa ya 1972 yaliipa Juba serikali ya mkoa. Ilidumu miaka kumi na moja tu.

Vita vilivyoanza 1983 ndivyo vilivyomfanya mtoto wa Sudan Kusini ajulikane duniani. Kuanzia 1987 maelfu ya wavulana waliondoka Bahr el Ghazal na Upper Nile kwa miguu kuelekea Ethiopia, kwenye kambi za Pinyudo, Itang na Dimma. Baadhi walikimbia vijiji vilivyochomwa. Wengine walitolewa na wazazi wao kwa ahadi ya shule. Shule zilikuwepo, na mafunzo ya kijeshi pia yalikuwepo, chini ya waasi wa SPLA, kwa jina la Jeshi Jekundu. Mwaka 1991 Mengistu, mtawala wa Ethiopia, alipoanguka wakafukuzwa, wakarudi kwa miguu, wakafika Kenya mwaka 1992. Hapo ndipo kambi ya Kakuma ilipoanzishwa. Takriban 3,800 kati yao walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2000, wakavumishwa na magazeti na filamu. Wasichana waliotembea safari ileile hawakuvumishwa, kwani wengi walikuwa wameshagawanywa kwa familia za walezi kambini, hawakuhesabiwa tena kuwa watoto waliopotea, na baada ya miaka michache walikuwa wameolewa. Sijui kama kuna mfano bora kuliko huu wa jinsi daftari la msaada linavyoweza kumfuta mtu.

Juba yenyewe wakati huo ilikuwa ngome ya jeshi la Khartoum iliyozingirwa, ikila kwa ndege. Kizazi kikaondoka pande tatu: kaskazini kwenye vitongoji vya Khartoum, kusini Uganda, mashariki Kenya. Ndiyo maana leo ukipita soko la Konyokonyo utasikia Kiarabu cha Juba kikichanganyikana na Kiswahili cha Kakuma na Kiganda cha Kampala. Kizazi kimoja kililelewa na nchi tatu.

Amani ya Januari 2005 ilileta wizara, bendera na kalamu. Sheria ya Mtoto ikatoka mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya nchi yenyewe kuzaliwa. Ni sheria nzuri, nasema hivyo bila kejeli. Inamtaja mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, inakataza ndoa za utotoni na kumwingiza mtoto jeshini, inaweka miaka 12 kuwa umri wa kuanza kuwajibika kwa jinai, na inaagiza kuundwa tume huru ya watoto. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 ikaweka ngazi zake: kaunti, payam, kisha boma, kwa nia kwamba huduma iwe karibu na mlango wa mwananchi. Katiba ya mpito ya 2011 ikazikariri haki hizo, na Januari 2015 nchi ikajiunga na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa.

Lakini wakati saini ile ikitiwa, moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Desemba 2013 mapigano yalianzia Juba, na watu wakakimbilia kambi za Umoja wa Mataifa Tongping na UN House. Kijiji cha watoto cha SOS kilichokuwa Malakal kilihamisha watoto na walezi wao hadi Juba, na Julai 2016 vita vikawakuta tena hukohuko. UNICEF ilikadiria watoto 19,000 kuwa mikononi mwa majeshi na makundi yenye silaha. Mwaka 2015 watoto 1,755 waliachiliwa kutoka kundi lenye silaha la Cobra katika eneo la Pibor. Februari 2018 zaidi ya 300 waliachiliwa Yambio, 87 kati yao wakiwa wasichana. Mpango wa pamoja wa kukomesha ukiukaji wote mkubwa dhidi ya watoto ulitiwa saini Februari 2020.

Kazi iliyonivutia zaidi katika miaka ile ilikuwa ya kimya: kutafuta ndugu. Mtoto anaandikishwa, anapigwa picha, anaulizwa anachokumbuka, jina la chifu, la mto, rangi ya fahali wa baba yake. Upande wa pili mzazi naye anahojiwa peke yake, ndipo majibu yanalinganishwa, maana asiye mzazi anaweza kuja kudai binti kwa ajili ya mahari. Kisha inatafutwa nafasi katika ndege ya misaada, kwa kuwa barabara hazipitiki kwa miezi kadhaa ya mwaka. Kufikia 2019 UNICEF, Save the Children na washirika wao walikuwa wamewaunganisha watoto 6,000 na familia zao. Katikati ya kusubiri huko, waliowalea wengi wao walikuwa majirani, wanawake waliokuwa na watoto wao wa kutosha.

Mkataba wa amani wa Septemba 2018 na serikali ya umoja ya 2020 viliipa Juba nafasi ya kujenga taasisi. Desemba 2020 ilifunguliwa mahakama maalumu ya ukatili wa kijinsia na watoto, hatua kubwa kwa mji ambamo mtoto aliyeiba simu angeweza kulala na watu wazima gerezani. Hata hivyo, kesi hukwama kwenye swali la kwanza: mtoto huyu ana miaka mingapi? Sheria ya usajili wa raia ilipitishwa 2018, lakini watu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na kwenye vitambulisho vingi tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari. Bila cheti, sheria yote ya 2008 inaning'inia kwenye makadirio ya daktari.

Na mji umeuzidi mpaka wake. Baraza la Jiji linasimamia Juba, Kator na Munuki. Kaunti ya Juba inasimamia payam zinazouzunguka. Gudele, iliyojaa watu kuliko miji mingi ya majimbo, iko upande wa Northern Bari. Gumbo na Sherikat ziko Rajaf. Mvulana anayebeba mizigo Konyokonyo mchana yuko chini ya jiji, na akivuka daraja kwenda kulala Gumbo amehamia kwa kaunti. Afisa wa ustawi wa jamii wa upande wowote akitaka kumfuata atahitaji mafuta ya pikipiki ambayo bajeti haina. Kwa hiyo anayemfuata ni Don Bosco pale Gumbo, au Confident Children out of Conflict, shirika ambalo kwa miaka mingi limewapa hifadhi wasichana wa mitaani. Kenya, iliyotunga Sheria mpya ya Watoto mwaka 2022, nayo inahangaika kugawana kazi kati ya taifa na kaunti zake, lakini huko angalau wanagombania maofisa wanaolipwa.

Miaka ya karibuni imeongeza uzito pande zote. Aprili 2023 vita vililipuka Sudan, na wakaingia zaidi ya watu milioni moja, wengi kupitia kivuko cha Joda karibu na Renk, na wengi wao wakiwa Wasudan Kusini waliokuwa wakirejea nchi ambayo watoto wao hawajawahi kuiona. Februari 2024 bomba la mafuta lilipasuka upande wa Sudan, hazina ikakauka, na watumishi wa umma wakakaa miezi bila mshahara, wale wa ustawi wa jamii wakiwemo. Mwaka 2025 Marekani ilipunguza misaada kwa ghafla, na mashirika yakaanza kupunguza wahudumu wa kesi na kufunga sehemu salama za watoto.

Wapo wanaosema kwamba huu ndio wakati wa serikali kushika hatamu. Nakubaliana nao, ila si kwa kuandika sera nyingine. Zipo za kutosha: mpango wa kitaifa wa kukomesha ndoa za utotoni pekee unakwenda hadi 2030. Kinachokosekana kiko chini kabisa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya warsha moja ya hotelini. Kumbukumbu nyingi za watoto wanaofuatiliwa ziko kwenye mifumo ya mashirika. Mradi ukifungwa, kaunti haina daftari la kujua nani alikuwa analelewa wapi. Na shangazi aliyemchukua mtoto wa marehemu dada yake hana karatasi inayomtambua. Ulezi rasmi unatolewa na mahakama ya serikali, ambako hana nauli ya kwenda mara tatu. Aendako ni kwa chifu, ambaye baraza lake linakaa karibu, linasikiliza kwa lugha yake, na linatoa uamuzi siku hiyohiyo. Ila chifu ataanza kwa kuuliza mahari ya mama ililipwa na nani, na kama haikulipwa, nani mwenye haki ya ng'ombe wa huyu binti atakapofika umri.

Mbele ya swali hilo angepaswa kuketi ofisa mmoja wa kaunti, mwenye mshahara, daftari na nakala ya sheria ya 2008, pembeni ya chifu, kila siku baraza linapokaa. Sheria ya 2009 tayari inaziweka mahakama za machifu ndani ya mfumo wa serikali za mitaa, kwa hiyo kiti chake hakihitaji kutungiwa sheria mpya.